Kisukari kwa kijana: Sindano haiachwi, hata akionekana amepona

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunakusudia kuyazungumzia maradhi ambayo wengi wetu tumezoea kuyahesabu kuwa ni ya wazee na ya watu wenye vitambi. Maradhi hayo ni kisukari, nasi tutayatazama pale yanapomshukia mtoto wa shule, mwembamba, ambaye hajawahi hata kushiba soda.

Tumchukulie kijana wa miaka 14 anayeishi katika kijiji kimojawapo cha Upare wa Kusini, juu ya mji wa Same; tuseme Vudee, Chome, Mbaga au Gonja. Kwa muda wa wiki tatu wazazi wake wanamwona akinywa maji kupita kiasi. Usiku huamka mara nne au tano kwenda haja ndogo, na siku nyingine hukikojolea kitanda ilhali jambo hilo alikwisha kuliacha tangu utotoni, naye huona haya kumwambia mtu. Anakula vizuri, tena kwa pupa, lakini sare ya shule inampwaya. Bibi anasema ni minyoo. Mjomba anasema ni malaria, na dawa ya malaria inanunuliwa. Jirani anasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto amechezewa. Kisha siku moja anaanza kutapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa nguvu na kwa haraka kama mtu aliyeukwea mlima, hali amelala kitandani. Pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyoiva mno. Hapo ndipo hutafutwa pikipiki au gari la kuteremka Same, na njia zetu za milimani kila mmoja anazijua wakati wa masika.

Ndugu msomaji, dalili hizo kila moja peke yake huweza kuwa na sababu nyingine. Zinapokuja pamoja, yaani kiu kali, mkojo mwingi, kukonda na uchovu, basi mzazi asitoke hospitalini wala katika zahanati kabla ya kuuliza swali moja: je, sukari yake imepimwa? Kipimo chenyewe ni tone moja la damu kutoka kwenye ncha ya kidole, na jibu hutoka katika muda mfupi kuliko wa kusoma Suratul Fatiha. Mtu mwenye dalili hizo akikutwa na sukari ya 11.1 au zaidi katika kipimo cha saa yoyote, au 7.0 na zaidi asubuhi kabla ya kula, huyo ana kisukari. Hali ile ya kutapika na kuhema tuliyoitaja ni damu kuingia tindikali kwa kukosa insulini, na huua katika muda wa siku chache, pengine saa chache. Haifai kusubiri hadi kesho.

Sasa insulini ni nini? Kwa wenzetu wa Upare mfano wake uko karibu. Wazee wetu walichimba ndiva, mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito vya mlimani, yakajaa usiku, kisha asubuhi mlango ukafunguliwa maji yakashuka kwa mifereji hadi mashambani, kila mmoja kwa zamu yake. Ukiwa mlango umefungwa na hakuna wa kuufungua, ndiva hujaa hadi ikamwagika pembeni, na chini yake mahindi yanakauka kwa kiu. Ndivyo ulivyo mwili wa kijana huyu. Chakula alichokula kimegeuka sukari na kujaa katika damu, lakini viungo vyake vina njaa, kwa sababu kinachofungua mlango ni insulini, na kiungo kinachoitengeneza, yaani kongosho, kimeacha kuitengeneza. Sukari iliyozidi humwagika kwenye mkojo na kuchukua maji ya mwili pamoja nayo. Ndiyo maana anakojoa, ndiyo maana ana kiu, na ndiyo maana anakonda huku anakula.

Kongosho limeacha kazi kwa nini? Katika kisukari hiki, kinachoitwa cha aina ya kwanza, askari wa mwili wanaopaswa kupigana na vijidudu hukosea wakazishambulia chembe zinazotengeneza insulini. Hakikuletwa na pipi alizokula, wala na chai ya mama yenye sukari nyingi, wala hakiambukizi. Mama wengi hubeba lawama hii moyoni kwa miaka, na ndugu wa mume humwongezea. Lawama hiyo haina msingi, na yeyote anayeitoa ajue anamdhulumu mja wa Allah kwa jambo asilolijua.

Kisukari cha watu wazima, kile cha aina ya pili, ni habari nyingine. Hapo mwili huwa na insulini lakini haiitikii vizuri, na unene na kutotembea vina mchango mkubwa. Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Tanzania, vikiwemo vya Mkoa wa Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 1989, ulikuta watu wazima wenye kisukari ni wachache, karibu mmoja katika kila mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu tisa katika kila mia miongoni mwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Hayo yanastahiki Ijumaa yake. Tunayataja hapa kwa sababu ndugu wengi huchukua maelezo ya kisukari cha baba mkubwa, anayemeza vidonge na kuambiwa apunguze wali, na kumpa mtoto. Mtoto hana cha kupunguza. Hana insulini kabisa, na vidonge vya baba mkubwa havitamfaa kitu.

Maradhi haya si mapya, wala Waislamu hawakuwa nyuma katika kuyachunguza. Tabibu Abdul Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, aliandika risala nzima juu ya kisukari. Hata hivyo kwa karne zote hizo mtoto aliyepatwa na aina hii aliishi miezi, pengine mwaka au miwili, kisha akafa, awe mtoto wa sultani au wa mchunga mbuzi. Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na mwenzake Charles Best waliipata insulini kutoka katika kongosho la wanyama, na Januari 1922 kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson akawa mtu wa kwanza kudungwa. Alikuwa kitandani akingojea kufa, naye akaishi miaka mingine 13. Shirika la Afya Duniani liliiweka insulini katika orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977. Hapa kwetu madaktari wa Muhimbili walianza kufuatilia kwa karibu wagonjwa wa kisukari katika miaka ya 1980, na Chama cha Kisukari Tanzania kikaundwa mwaka 1985. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba kila ugonjwa una dawa yake, na dawa ikiulenga ugonjwa, mgonjwa hupona kwa idhini ya Allah. Tunaona kwamba mwaka 1922 Allah alifungua mlango mmoja katika hiyo.

Turudi kwa kijana wetu. Amefikishwa hospitali, pengine ya wilaya pale Same, pengine ya Gonja, pengine amepelekwa hadi Hospitali ya Rufaa ya KCMC mjini Moshi. Ametundikiwa maji, amepewa insulini, na siku ya tatu amekaa kitandani anaomba uji. Familia inashukuru. Anarudi nyumbani na vichupa vya insulini, mabomba ya sindano na maelekezo ya kujidunga kila siku. Na hapa, ndugu msomaji, ndipo penye hatari ambayo ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya.

Baada ya wiki au miezi michache ya sindano, watoto wengi hupata kipindi cha nafuu kubwa. Chembe chache za kongosho zilizobaki, zikiwa zimepumzishwa na insulini ya sindano, huamka na kufanya kazi kidogo. Sukari inashuka, daktari anapunguza kipimo mara ya kwanza, anapunguza tena, na kijana ananenepa na kurudi kwenye mpira. Madaktari wanakifahamu vizuri kipindi hiki. Huweza kudumu miezi, kwa nadra mwaka na zaidi, kisha huisha, kwa sababu zile chembe chache nazo hufa.

Familia haikuelezwa hilo, au ilielezwa siku ya kuruhusiwa, mama akiwa amechoka na baba akiwa anatafuta nauli. Na katika miezi hiyo hiyo ya nafuu, mtoto amepelekwa kwa mganga wa miti shamba, au amesomewa kombe, au amepewa mchanganyiko wa asali na habasoda kutoka kwa mtu anayetangaza kwamba anatibu kisukari, nguvu za kiume na biashara iliyokwama, vyote kwa bei moja. Nafuu inakuja, sifa anapewa huyo. Sindano inaachwa. Siku chache baadaye, au mwezi, mtoto anaanza tena kutapika na kuhema, na safari hii njia ya kuteremka mlima huwa ndefu kuliko ile ya kwanza.

Tuseme wazi, kwa kuwa jambo hili linatugusa sisi tunaoitwa masheikh. Kumwombea mgonjwa dua ni Sunna. Kumsomea Qur'ani ni jambo jema. Anayemsomea akamwambia mzazi aache insulini amekwenda mbali na Sunna, hata kama kanzu yake ni nyeupe kiasi gani. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir kisa cha mtu aliyekuwa safarini akapigwa na jiwe kichwani, kisha ikamlazimu kuoga janaba. Akawauliza wenzake kama yuko katika ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwoni na ruhusa, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alighadhibika mno, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa nini hawakuuliza hali hawajui. Angalia, ndugu yangu, kwamba watu wale hawakumpa sumu. Walitoa fatwa tu.

Kuhusu asali, Qur'ani Tukufu katika Suratun Nahl, aya ya 69, imetaja kuwa ndani yake mna ponyo kwa watu, nasi tunaamini. Lakini Ibn al-Qayyim, katika sehemu ya Zad al-Ma'ad inayohusu tiba, ameeleza kwamba dawa lazima iafikiane na ugonjwa kwa aina yake na kwa kiasi chake. Asali ni sukari. Mtoto ambaye damu yake imejaa sukari isiyo na pa kwenda, ukimpa vijiko vya asali asubuhi na jioni unaijaza ndiva iliyokwisha kufurika. Asali hiyo hiyo ina mahali pake katika ugonjwa huu, na tutapafikia hapo chini.

Lipo pia swali ambalo baadhi ya wazazi huuliza kwa kunong'ona: je, insulini haitokani na nguruwe? Jibu ni kwamba kwa zaidi ya nusu karne insulini ilitokana na kongosho la ng'ombe na la nguruwe. Tangu mwaka 1982 imekuwapo sokoni insulini ya mfano wa ile ya binadamu, inayotengenezwa kwa bakteria au hamira, na ndiyo inayotumika sana leo katika hospitali zetu. Mwenye shaka amuulize mfamasia, atamsomea maandishi ya kichupa. Na lau ingekuwa hakuna nyingine ila ile ya zamani, hukumu ya dharura iliyomo katika Suratul Baqara, aya ya 173, inajulikana kwa kila aliyesoma madrasa.

Sasa kijana atajifunza vipi kuishi na jambo hili? Kwanza atajifunza sindano. Wengi hudungwa mara mbili kwa siku kwa insulini ya mchanganyiko, asubuhi na jioni, kiasi cha nusu saa kabla ya chakula. Wengine hudungwa mara nne. Daktari ndiye anayepanga. Mahali pa kudunga hubadilishwa, leo tumboni, kesho pajani, kwani ngozi ikidungwa sehemu moja daima hufanya uvimbe na insulini hainyonywi sawasawa. Kichupa chenye insulini ya ukungu huviringishwa taratibu baina ya viganja, hakitikiswi kama dawa ya kikohozi. Mtoto wa miaka 14 anaweza kujidunga mwenyewe, lakini asiachiwe peke yake. Mama au baba asimame pale, aone kipimo kwenye bomba kabla hakijaingia. Umri huu ni wa kuchoka na kudanganya. Kijana husema amekwisha kudunga ilhali hakudunga, kwa kuwa anataka kuwa kama wenzake. Akigundulika asipigwe. Aulizwe kilichomchosha.

Siku akiugua homa, au akawa hataki kula, wazazi wengi husema, hajala, basi sindano ya nini? Hilo ni kosa kubwa. Homa huipandisha sukari hata tumbo likiwa tupu. Insulini haikatwi, sukari hupimwa mara nyingi zaidi, maji hunywewa kwa wingi, na akitapika apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Chakula si kigumu kama watu wanavyodhani, na hapa sisi wa Upare, tunaotaniwa nchi nzima kwa makande, tuna la kujivunia. Mahindi yakipikwa pamoja na maharage hayaipandishi sukari kwa kasi, kwa kuwa maharage hukifanya chakula kisagike polepole. Sahani ya makande yenye maharage mengi na mnafu pembeni inamfaa kijana huyu kuliko mkate mweupe na chai ya sukari. Ndizi, viazi vitamu na ugali anakula, kwa kiasi kinacholingana siku hadi siku na kwa saa zinazojulikana, maana insulini iliyokwisha kuingia mwilini haingojei chakula kilichochelewa. Soda, juisi za pakiti na miwa ya kutafuna mchana kutwa ndivyo vya kuachwa. Isipikwe sufuria yake peke yake. Nyumba nzima ile chakula hicho, na baba mkubwa wa vidonge naye atanufaika.

Jambo linalotisha kuliko yote katika maisha ya kila siku ni sukari kushuka. Milima yetu ni mikali. Mtoto anayeteremka kwenda shule asubuhi na kupanda jioni anafanya mazoezi makubwa, na mazoezi huishusha sukari. Akiwa amedunga na hakula vya kutosha, njiani ataanza kutetemeka, kutoka jasho la baridi, kuona njaa kali, kisha kuchanganyikiwa, akasema maneno yasiyoeleweka au akawa mkali bila sababu. Wapita njia watadhani amelewa au amepandwa na jini. Sukari iliyo chini ya 3.9 inataka kutibiwa papo hapo, na kama hakuna kipimo, dalili zinatosha. Apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au soda ya kawaida, au kijiko kikubwa cha asali. Hapa ndipo mahali pake. Baada ya dakika 15 apimwe tena au aangaliwe, asipopata nafuu arudiwe, kisha ale chakula. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu, kwani kitaingia mapafuni. Alazwe ubavu, asali au sukari iliyoloweshwa ipakwe ndani ya shavu na kwenye ufizi, na akimbizwe hospitali. Kwa hiyo kijana huyu asitoke nyumbani bila pipi au glukosi mfukoni, na rafiki anayetembea naye ajue hayo yote.

Suala la kuhifadhi insulini huwasumbua sana walio mbali na umeme. Vichupa ambavyo havijafunguliwa vinataka jokofu la nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu, na kikiganda kitupwe. Hivi vinaweza kubaki zahanati au kwa jirani mwenye umeme. Kile kinachotumika hukaa nje ya jokofu kiasi cha wiki nne, mahali pa baridi na kivuli. Kule juu, chini ya kilele cha Shengena, hilo si tatizo. Tatizo liko uwandani, Makanya, Hedaru, Ndungu na pale Same mjini, ambako bati likipata jua chumba huwa kama tanuri. Dawa yake ni vyungu vya wafinyanzi wetu: kidogo ndani ya kikubwa, mchanga kati yao, mchanga ukalowanishwa asubuhi na jioni, kichupa kikawekwa ndani katika kopo kavu, na kitambaa kibichi juu. Pale ambapo hewa ni kavu, chungu hufanya kazi vizuri sana. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na hali ya kambi ya Dagahaley, Dadaab nchini Kenya, wakaonyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu yake. Basi asiwepo wa kuacha kudunga kwa hoja kwamba hana friji.

Gharama nazo zipo. Kwa miaka kadhaa ipo mipango inayowapatia watoto na vijana insulini kupitia kliniki, na mzazi aulize kliniki yake kuna nini. Mara nyingi kinachokosekana ni vijiti vya kupimia sukari na nauli ya kwenda Moshi. Mawaziri wa afya wa Afrika walikubaliana mjini Lomé, Agosti 2022, juu ya mkakati wa kuyasogeza matibabu ya maradhi ya aina hii hadi hospitali za wilaya, na hilo likitimia nauli itapungua. Wakati tunangoja, kamati za misikiti zikumbuke kwamba mafukara na masikini ndio wa mwanzo kutajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawba. Mtoto wa masikini asiye na vijiti vya kupimia yumo ndani ya zaka, na hahitaji kusimama mlangoni siku ya Ijumaa kuomba.

Kwa binti mambo huongezeka uzito. Wazazi humficha, wakaficha na sindano zake, kwa kuhofia kwamba hataolewa. Binti mwenye kisukari kinachotunzwa vizuri huolewa na huzaa, ilimradi mimba ipangwe na ifuatiliwe na madaktari tangu mwanzo. Mchumba aambiwe kabla ya ndoa. Kumficha ni ghushi, na mume asiyejua atafanya nini usiku ambao mkewe anatetemeka na hajui pa kuanzia? Kadhalika shuleni: mwalimu wa darasa, na mlezi wa bweni kama analala huko, wapewe barua ya daktari. Kijana anayejidunga chooni kwa siri ndiye anayekosa mtu wa kumwokoa akianguka.

Tumalizie na Ramadhani, kwa sababu ndiyo inayoleta mabishano nyumbani. Kijana amebaleghe, anaipenda swaumu, alianza kufunga nusu siku akiwa na miaka saba, na sasa anaambiwa asifunge. Analia. Qur'ani, katika Suratul Baqara aya ya 184 na 185, imemtaja mgonjwa kwa ruhusa yake, tena ikataja kwamba Allah anatutakia wepesi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha mwaka 2009 mjini Sharjah, liliwagawa wagonjwa wa kisukari katika makundi manne kwa kadiri ya hatari, likaamua kwamba makundi mawili ya juu hayajuzu kufunga. Wenye aina ya kwanza wamo katika kundi la juu kabisa. Kwa hiyo kijana wetu anapokula mchana wa Ramadhani anaitii sharia, na mdogo wake aelezwe hivyo ili asimcheke.

Wapo vijana wakubwa, wenye kipimo kizuri cha muda mrefu na vifaa vya kutosha, ambao daktari wao huwaruhusu kujaribu kwa uangalizi. Hao wajue kwamba kujitoboa kidole kupima sukari hakubatilishi swaumu, na kwamba Baraza hilo hilo lilikwisha kuamua mwaka 1997 kuwa sindano ya dawa isiyo chakula haibatilishi. Wajue pia kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikapanda juu ya 16.6 wanafungua papo hapo, hata kama imebaki robo saa kabla ya adhana. Kuvumilia robo saa hiyo si uchamungu.

Anayekula kwa sababu ya maradhi yasiyotarajiwa kuondoka halipi siku hizo. Hutoa fidia, kumlisha masikini mmoja kwa kila siku, na katika madhehebu yetu ya Shafii kiwango chake ni kibaba kimoja cha chakula kinacholiwa katika mji, kiwe mchele au mahindi. Kijana asiye na kipato baba yake anaweza kumtolea kwa idhini yake. Na siku alizokula kabla ya kubaleghe hazimdai kitu.

Wallahu a'alam.